Vijana wa Christchurch na Matope ya Tetemeko

Kila mtu ajua ya kuwa tetemeko la nchi huangusha nyumba. Lakini liko jambo jingine liletwalo na tetemeko ambalo wengi hawajalisikia, nalo ni matope yatokayo chini ya ardhi. Jambo hilo liliupata mji wa Christchurch katika nchi ya Nyuzilandi, na habari zake zawafaa wazee wa vijiji na walimu, maana sehemu kubwa ya matope yale iliondolewa na vijana.

Mji huo una watu zaidi ya 350,000. Ulitikisika kwanza alfajiri ya tarehe 4 Septemba 2010, saa 10 na dakika 35, na kwa kuwa watu walikuwa wamelala na barabara zilikuwa tupu, hakuna aliyeuawa na kuta zilizoanguka. Tetemeko jingine lilikuja tarehe 22 Februari 2011, saa 7 kasoro dakika 9 mchana, watu wakiwa makazini na madukani. Kwa kipimo lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, lakini lilitokea karibu sana na mji, tena si chini sana ardhini. Watu 185 walikufa, na 115 kati yao walikufa katika jengo moja.

Sasa tueleze habari ya matope. Upande wa mashariki wa mji, kandokando ya mto Avon, nyumba zilijengwa juu ya mchanga mwembamba na udongo wa kinamasi, na maji hayako mbali chini. Mtu apimaye mahindi kwa debe ajua kwamba akilitikisa, punje hushuka zikashikana, na debe lililoonekana kujaa likaonekana limepungua. Mchanga nao ukitikiswa hutaka kushuka vivyo hivyo. Lakini mchanga ule umejaa maji, na maji hayakubali kubanwa, wala hayapati njia ya kukimbia upesi. Basi huzisukuma punje zikaachana. Hapo ardhi iliyokuwa ngumu huwa kama uji kwa muda. Nyumba huzama upande mmoja, mabomba hukatika, na maji pamoja na mchanga hufoka katika nyufa. Kisha maji hunywea, na mchanga wa kijivu hubaki uani, barabarani, na pengine hata ndani ya vyumba. Ukiwa mbichi ni mzito mno. Ukikauka huwa vumbi la kudhuru vifua. Na kwa kuwa mabomba ya vyoo yalikatika pia, ulichanganyika na uchafu. Mzee aishiye peke yake angeuondoaje?

Baada ya tetemeko la Septemba, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Canterbury aitwaye Sam Johnson aliwaita wenzake kwa njia ya Facebook waje wachimbe. Wakubwa waliosimamia msaada walisita kwanza kuwapokea. Kusita kwao hakukuwa upuuzi, maana kundi la vijana wasiofunzwa laweza kuwa mzigo mpya: watakula nini, na wakiumia nani atawajibika? Hata hivyo zaidi ya 2,000 walijitokeza, wakachimba, na wakubwa wakaona kazi yao. Kwa hiyo msiba mkubwa wa Februari ulipokuja, kundi lile lilikuwa limekwisha kujulikana, nalo likaitwa Jeshi la Wanafunzi wa Kujitolea.

Jina ni la jeshi, lakini silaha zilikuwa mabeleshi na matoroli. Chuo kilikuwa kimefungwa, basi vijana walikuwa na nafasi. Hawakutumwa katikati ya mji kutafuta watu chini ya majengo. Kazi hiyo ni ya mafundi, na wengine walitoka Japani na Australia kuifanya. Vijana walipelekwa mashariki kwa mabasi, wamegawanywa makundi, kila kundi na kiongozi wake na mtaa wake. Walitoa mchanga nyuani hadi kando ya barabara, na huko ulichukuliwa kwa mashine na malori. Wakulima wa mashamba ya jirani nao walikuja na matrekta yao. Vijana wengine walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakigawa maji na karatasi za maelezo, na kukaa kidogo na wazee waliotaka mtu wa kuzungumza naye. Labda kazi hii ya mwisho yaonekana ndogo, lakini mtu aliyekesha usiku kucha akisikia nchi ikitetema hataiona ndogo.

Watu wa kwetu hawana haja ya kufundishwa ujima. Mtu akiunguliwa na nyumba, majirani huja na miti na nyasi pasipo kuitwa mara mbili. Lililo geni katika habari hii ni jinsi maelfu ya watu wasiojuana walivyoweza kugawanywa kazi bila kukanyagana, wengine wakiwa hawajapata kushika beleshi maishani.

Na kazi haikwisha mara moja. Tarehe 13 Juni 2011 nchi ilitetemeka tena, na tena tarehe 23 Desemba, na kila mara mchanga ulifoka katika nyua zilizokwisha safishwa, ikabidi kuanza upya. Mwishowe Serikali iliamua kwamba sehemu nyingi za mashariki hazifai kukaliwa. Nyumba zipatazo 8,000 zilinunuliwa na kubomolewa, zikiwemo za mtaa wa Bexley, ambako vijana walichimba sana. Leo pale ni majani matupu. Mtu aweza kuuliza, je, jasho lile halikupotea bure? Sisi twaona halikupotea, maana mwaka ule wenye nyumba hawakujua bado kama watahamishwa, wala hawakuwa na pengine pa kwenda, na majira ya baridi yalikuwa karibu. Iliwapasa kulala mle mle.

Jeshi lile halikuvunjwa. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, vijana wake waliwanunulia wazee vyakula na kuwaachia mlangoni.