Bunia kwa Kaunta na Sahani

Bunia, mji ulioko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,275 kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekuwa makao makuu ya jimbo la Ituri tangu mwaka 2015, pale Jimbo la Mashariki la zamani lilipogawanywa. Hata hivyo, msomaji wa mbali aliyewahi kulisikia jina lake huwa amelisikia katika taarifa za vita, na mara chache sana katika habari za chakula. Mji huu hauna ngome ya kale wala ufuo wa mchanga, na kinachoweza kumshika mgeni humo ni kitu ambacho wenyeji wenyewe hawakihesabu kuwa kivutio: maduka madogo yaliyopangana kando ya Boulevard de la Libération, ambayo ndiyo barabara kuu, na katika mitaa kama Lumumba, Mudzipela na Nyakasanza, pamoja na migahawa yenye meza tatu nne ambamo mpishi, mhudumu na mwenye mali aghlabu huwa ni mtu mmoja. Mvuto wa mahali hapa hautokani na ukale wala udogo wake, kwa maana vitu vidogo na vikuukuu vimejaa duniani. Unatokana na kwamba mahali hapa panasomeka. Kila kilichomo kwenye rafu au sahani kimepita njia fulani, na nyuma ya kaunta yupo mtu anayeijua njia hiyo na ambaye, akiulizwa kwa adabu, ataieleza.

Yafaa kwanza majina yaeleweke, kwa kuwa Kiswahili cha pwani na cha Kongo havitumii maneno yaleyale kwa mambo haya. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akisema hoteli anaweza kumaanisha chumba cha kulia tu, pasipo kitanda hata kimoja, na mgahawa kwake ni neno lenye asili ya kahawa ya Waarabu. Bunia, ambako ukoloni wa Ubelgiji uliacha Kifaransa, chumba hichohicho huitwa restora, na duka dogo la vyakula vya pakiti huitwa alimantasio, wakati butiki inaweza kuuza karibu kila kitu, kuanzia sabuni hadi misumari. Malewa ni neno la Kongo nzima kwa chakula cha bei nafuu kinachopikwa kando ya njia, na nganda, ambalo katika Kilingala lilimaanisha kambi ya wavuvi, siku hizi ni mahali pa kunywea bia na kula nyama ya kuchoma. Mpaka kati ya majina haya si mkali, na mama anayeuza maandazi asubuhi mbele ya butiki anaweza mchana kuwa na sufuria za restora mahali palepale.

Chakula ndicho kinachoeleza zaidi. Umbali wa kilomita zipatazo 40 mashariki mwa mji, nyanda za juu zinakatika ghafla na kuteremka kwa zaidi ya mita 600 hadi Ziwa Albert, ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,300 ambalo Kongo inagawana na Uganda, na ambalo serikali ya Mobutu ililipa jina la kiongozi huyo mwaka 1973. Kutoka bandari za uvuvi za Kasenyi na Tchomia samaki hupandishwa mlima kwa magari na pikipiki: kapiteni, ambaye ni sangara wa asili ya ziwa hilo na si mgeni aliyepandikizwa kama yule wa Ziwa Viktoria, tilapia, ambaye hupendwa akiwa mzima pamoja na kichwa chake, na samaki wadogo wa kukaushwa juani, ambao Watanzania wangewaita dagaa na ambao Kongo huitwa ndakala. Samaki wa chumvi, makayabo, yeye ni wa wale walio mbali na ziwa au walio na pesa kidogo, ingawa wapo wanaompenda hata wakiwa na uwezo wa kununua aliye mbichi, na ladha yake kali haihitaji kutetewa na mtu.

Karibu na samaki hukaa sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo katika miji ya Kongo inayosema Kilingala huitwa pondu, na ambayo yana historia ya jasho kabla hayajafika mezani. Majani mabichi ya muhogo yana chembechembe zinazozalisha sumu ya sianidi, na ndiyo sababu hutwangwa kwenye kinu hadi yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu hiyo itoke na mvuke. Baadaye tu ndipo huongezwa mafuta ya mawese, ambayo ni mafuta mekundu ya michikichi kutoka upande wa misitu, na wakati mwingine kitunguu au ndakala. Sombe iliyopikwa kwa haraka hujulikana kwa mtu aliyeizoea tangu kijiko cha kwanza. Ugali wake, ambao wengi Kongo huuita bugali au fufu, unaweza kuwa wa unga wa muhogo mtupu, ambao unavutika na kuteleza, au wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na mteja huulizwa anataka upi, kama vile kwingineko mtu anavyoulizwa kuhusu sukari ya chai.

Sehemu nyingine za sahani zinaelekeza kwingine. Maharage na mboga huletwa na wakulima wa milima ya Djugu na nyanda za Irumu, na maziwa na nyama ya ng'ombe hutoka kwa wafugaji, wengi wao Wahema, ilhali kahawa ya Arabika hulimwa Mahagi. Upande wa magharibi kuna msitu wa Ituri, makazi ya Wambuti na ya okapi, mnyama ambaye Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa kwa ajili yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996 na katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka uliofuata. Nyama ya pori nayo huuzwa katika eneo hili, na hapa mvuto wa mahali una kikomo: mlaji ana haki ya kuuliza nyama iliyo chunguni ni ya mnyama gani, na asipopata jibu linaloeleweka, maharage yapo.

Rafu za butiki zina jiografia tofauti, kwa kuwa hazielekei msituni wala milimani bali baharini. Sukari, mafuta ya kupikia, betri, kanga na sahani za plastiki nyingi huwa zimeteremshwa katika bandari ya Mombasa, zikapita Nairobi na Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha zikaingia Kongo ama kwa Mahagi upande wa kaskazini, ama kwa Kasindi na Beni upande wa kusini, ama kwa boti kuvuka ziwa. Barabara ya Taifa Namba 27, inayounganisha Komanda, Bunia na Mahagi, ndiyo mshipa wa biashara hiyo, na kwa miaka kadhaa imekuwa ikishambuliwa na makundi yenye silaha. Ndiyo maana bei ya sabuni inaweza kuwa habari ya usalama kabla redio haijasema neno, na mwenye butiki anayesema kwamba bidhaa fulani imepanda anaweza pia kumweleza mteja ni daraja gani au kijiji gani hakipitiki wiki hiyo. Hata saa hubadilika njiani, kwa kuwa Uganda iko saa moja mbele ya Ituri, jambo linalowapa wafanyabiashara wa ziwani hesabu ya ziada kila siku.

Nani hukaa nyuma ya kaunta ni swali ambalo limejibiwa tofauti katika kila kizazi. Katika enzi za ukoloni biashara ya rejareja kaskazini-mashariki mwa Kongo ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno na Wahindi, hadi tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yangekabidhiwa kwa raia. Hatua hiyo iliitwa uzairishaji, kwa maana ya kuvifanya vitu kuwa vya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, lakini wengi waliokabidhiwa maduka waliuza vilivyokuwamo bila kuagiza vingine, na rafu zikabaki wazi nchini kote. Nafasi iliyoachwa ilijazwa taratibu na wafanyabiashara wadogo waliojifunza kuagiza bidhaa wenyewe kupitia Uganda na Kenya, wakiwamo Wanande wa Butembo, ambao wanasayansi wa jamii wamewachunguza sana kama mfano wa biashara iliyosimama bila msaada wa serikali. Kisha ikaja vita ya Ituri, iliyozigonganisha jamii za eneo hilo. Wakati kundi la wapiganaji wa UPC lilipouteka mji Agosti 2002, Wanande walikuwa miongoni mwa waliowindwa na kuporwa, na mwaka uliofuata, katika mapigano ya Mei 2003, mji ulikaribia kuwa mtupu kabla ya wanajeshi wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, kuingia mwezi Juni na kukaa hadi Septemba. Duka lililofunguliwa tena baada ya hapo lilikuwa tangazo kwamba mtu fulani ameamua kurudi, na mteja aliyeingia humo, akitoka katika jamii iliyokuwa upande wa pili wa mapigano, naye alikuwa anatangaza jambo.

Mwandishi Mmarekani Jane Jacobs alieleza mwaka 1961, katika kitabu chake juu ya miji mikubwa ya Marekani, jinsi wakazi wa mtaa mmoja wa New York walivyozoea kuacha funguo za nyumba zao kwa mwenye duka ili mgeni wao akifika azichukue, na akahoji kwamba mtu huyo anaaminika kwa sababu anawafahamu watu bila kujiingiza katika mambo yao. Butiki ya Bunia hufanya kazi za namna hiyo na zaidi: huachiwa mzigo na ujumbe, huchaji simu, huuza inite, yaani muda wa maongezi, na mara nyingi mwenye duka ni wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, huduma iliyoenea Kongo tangu miaka ya 2010. Juu ya yote hukopesha. Deni huandikwa katika kaye, daftari la shule lenye majina na tarakimu, na ukurasa wa daftari hilo una siri nyingi kuliko ungamo la kanisani. Maandishi ya ukutani yanayosema kwa Kifaransa kwamba mkopo umekufa, ambayo ni ya kawaida katika nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa kwa Kifaransa, hayapaswi kusomwa kama sheria. Yamewekwa kwa ajili ya mtu asiyefahamika, na anayefahamika huyapita bila kuyatazama.

Pesa yenyewe ina adabu zake. Faranga ya Kongo, iliyoanza kutumika mwaka 1998, hutembea bega kwa bega na dola ya Marekani, na mteja anaweza kulipa kwa dola akarudishiwa chenji kwa faranga, ila noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, wakati noti ya faranga iliyochakaa hadi kufanana na kitambaa hupokewa bila swali. Kwa wauzaji wa dhahabu, ambayo katika eneo la Kilo iligunduliwa mwaka 1903 na ambayo bado huchimbwa kwa mikono kuzunguka Mongbwalu, kipimo cha tola, ambacho ni gramu 11 na kidogo, kimetoka India. Sokoni ni kopo na fungu vinavyotawala, na ununuzi haujakamilika mpaka muuzaji aongeze kidogo juu ya kipimo, kiganja cha maharage au nyanya moja. Zawadi kama hiyo, sawa na bakshishi ya mhudumu, huitwa matabishi, neno lililotokana na Kireno.

Mazungumzo ya kuidai nyongeza hiyo ni somo la lugha. Wanaisimu Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekichunguza Kiswahili cha Bunia, ambacho ngeli zake nyingi za majina zimelegezwa na ambacho kimekaa karibu na Kilingala, Kifaransa na lugha za Ituri ambazo nyingi si za Kibantu, kama Kilendu na Kialuri. Mteja huuliza, “Mama, samaki iko?”, na hujibiwa, “Iko”, na msomi wa pwani anayetaka kumsahihisha mama huyo kwamba aseme yupo atakuwa amechagua saa mbaya ya kufundisha sarufi. Kuanza kwa salamu na kwa jina la mama au papa, kabla ya kutaja bidhaa, kuna uzito zaidi kuliko upatanisho wowote wa kisarufi, na bei ya kwanza inayotajwa kwa asiyesalimu si ile inayotajwa kwa aliyesalimu.

Milango ya restora nyingi ina ndoo yenye bomba na sabuni, ambayo umuhimu wake ulikaziwa na janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, likiua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Hata baada ya janga, kunawa mbele ya watu kumebaki sehemu ya kuingia. Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021, ambayo iliweka utawala wa jimbo chini ya wanajeshi, nayo imewafanya wengi wapende kula na kununua mchana kuliko usiku. Kwa hiyo saa inayofaa ni adhuhuri. Mgeni hufanya vyema asiulize kilichoandikwa ukutani, kwa kuwa orodha ya ukutani hueleza kile ambacho restora ingependa kupika, bali aulize kuna nini. Na kama gari la Tchomia limewahi, atatajiwa kapiteni na tilapia pamoja na bei zake, naye afanye uamuzi mapema, kwa sababu samaki ndiye wa kwanza kwisha, na anayefika saa tisa hupakuliwa maharage na sombe iliyobaki chini ya sufuria, ambayo, kwa kuwa imekaa motoni zaidi, wapo wanaoisubiri kwa makusudi.