Siku 7 za Kupinga Thamani ya Nyumba

Barua kutoka Wilayani aghalabu haionekani kuwa na haraka. Hufika na muhuri wake, husomwa usiku taa ikiwashwa, kisha hukunjwa na kutiwa ndani ya Biblia au chini ya godoro, ikingoja baba arudi kutoka safarini, au ifike Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, majirani watakapokutana na kushauriana. Katika jiji la Kigali desturi hiyo yaweza kuigharimu familia sehemu ya haki yake.

Sababu imo katika Sheria namba 32 ya tarehe 11 Juni 2015, ihusuyo utwaaji wa mali kwa manufaa ya umma. Mthamini akiisha kupima kiwanja, nyumba, migomba na vinginevyo, na taarifa yake ikapitishwa na anayetwaa mali hiyo, mwenye nyumba asiyeridhika amepewa siku 7 tu za kueleza kwa maandishi sababu zake. Sheria haikutaja siku za kazi hapo. Kwa hiyo yafaa Jumamosi na Jumapili zihesabiwe. Tena barua peke yake haitoshi. Mlalamikaji hana budi kumtafuta, kwa fedha zake mwenyewe, mthamini mwingine anayetambuliwa na taasisi ya wathamini ya Rwanda, na tathmini hiyo ya pili iwe tayari katika siku 10. Anayetwaa mali ana siku 5, na hizi ni za kazi, za kuamua kama ataikubali. Akiikataa, mwananchi ana siku 15 za kufika mahakamani.

Ukizijumlisha siku hizo zote hazifiki miezi miwili. Mlipaji wa fidia, kwa upande wake, amepewa siku 120 tangu fidia ipitishwe. Anayetafuta mthamini huku ada za shule zikidaiwa ndiye aliyebanwa zaidi, na jambo hilo si rahisi kulitetea. Hata hivyo siku 120 nazo ni silaha mkononi mwa mwenye mali: zikipita bila malipo, na pande mbili zisiwe zimeafikiana vinginevyo, utwaaji huo hubatilika. Ni watu wachache wanaozihesabu.

Wengi pia hudhani kwamba kesi ikishafunguliwa, tingatinga litasimama. Sivyo. Chini ya sheria hiyo kwenda mahakamani hakuzuii kazi ya utwaaji kuendelea.

Kangondo na Kibiraro, vitongoji vya Nyarutarama katika Wilaya ya Gasabo ambavyo watu wameviita Bannyahe, vilikuwa somo kubwa la jambo hili. Wakazi walitakiwa kuhamia nyumba zilizojengwa Busanza, Wilaya ya Kicukiro. Wengi walikataa, walitaka fidia ya fedha ili kila mmoja ajitafutie makao, maana mwenye vyumba vya kupangisha hakuona jinsi nyumba moja ingemrudishia kodi aliyokuwa akiipata kila mwezi. Mabishano yaliendelea kwa miaka, hata mbele ya mahakama. Mwezi Septemba 2022 nyumba zilizobaki zilibomolewa na waliokuwamo wakahamishwa.

Mipango ya jiji, ambayo mpango wake mkuu uliopitiwa upya ulizinduliwa Septemba 2020, haiwezi kungoja milele, na mataifa mengine nayo yameweka mipaka. Nchini Kenya, sheria ya mipango ya mwaka 2019 imempa asiyeridhika na uamuzi wa kaunti siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya usuluhishi. Uingereza imeweka wiki 6 za kupinga mahakamani mpango wa mtaa. Wiki 6 ni muda wa kupumua. Siku 7 hazitoshi hata kumngoja mume aliyekwenda Goma kuuza bidhaa.

Ndiyo maana mama wa nyumba asikubali kuambiwa kwamba shauri la kiwanja si lake. Wanandoa waliofunga ndoa ya kisheria huandikwa wote wawili katika hati ya ardhi, na barua hiyo yamhusu yeye sawasawa na mumewe. Siku inapoingia mlangoni, tarehe ya kupokelewa iandikwe juu ya bahasha kwa wino. Aulize Wilayani taarifa ya thamani ilipitishwa lini, kwa kuwa siku 7 huanzia hapo, hata kama barua ilichelewa njiani. Majirani wanaweza kumwendea mthamini mmoja pamoja na kupatana naye bei, ingawa kila nyumba itahitaji hesabu yake. Malalamiko yaandikwe nakala mbili: moja ibaki ofisini, na ya pili irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya ofisi iliyoipokea.