Nalanda na Vilima vya Rajgir

Magofu ya Nalanda yako katika jimbo la Bihar, mashariki mwa India, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka jiji la Patna. Hapo palikuwa na mahavihara, makao makubwa ya watawa wa Kibudha, yaliyoanzishwa katika karne ya 5 BK wakati wa wafalme wa Gupta, yakadumu kama kituo cha elimu kwa takriban miaka 700. Mbali na mafundisho ya dini, palisomeshwa mantiki, sarufi na tiba. Mtawa wa Kichina Xuanzang alisoma hapo katika karne ya 7, akarudi kwao na mamia ya maandiko. Habari alizoziandika ndizo zilizomwezesha Mwingereza Alexander Cunningham kuyatambua magofu hayo mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Uchimbaji wenyewe ulianza mwaka 1915. Umefichua nyumba 11 za watawa zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma, kila moja na ua wake uliozungukwa na vyumba vidogo vya kulala. Ng'ambo ya njia yamepangwa mahekalu. Kubwa kuliko yote ni lile linalojulikana kwa namba 3, ambalo lilitanuliwa kwa awamu saba, jengo jipya likifunika la zamani. Tangu mwaka 2016 eneo hili limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kuanguka kwa Nalanda huhusishwa na mashambulizi ya jeshi la kamanda Bakhtiyar Khalji karibu na mwaka 1200. Hata hivyo, masomo hayakukatika siku moja. Dharmasvamin, mtawa wa Tibet aliyefika katika miaka ya 1230, alimkuta mwalimu mzee, Rahula Shribhadra, akiwasomesha wanafunzi wapatao 70 katikati ya magofu.

Anayeishia kwenye magofu hayo huona chuo bila kuona kwa nini kilijengwa pale. Jibu liko Rajgir, kilomita chache kusini. Mji huo uliozungukwa na vilima ulikuwa makao ya wafalme wa Magadha, na hapo ndipo Budha alipokuwa akifundisha, takriban miaka 900 kabla ya chuo kuanzishwa. Mfalme Bimbisara alimpa kichaka cha mianzi kiitwacho Venuvana ili yeye na watawa wake wapate mahali pa kukaa. Leo ni bustani yenye bwawa. Juu ya kilima cha Gridhrakuta, yaani Kilele cha Tai, kuna mapango na jukwaa dogo la matofali ambako Wabudha kutoka Japani, Thailand na Sri Lanka huketi kusali. Kwa mapokeo ya Kibudha, baada ya Budha kufariki wanafunzi wake walikutana katika pango la Saptaparni, kwenye kilima cha Vaibhara, ili kuyathibitisha mafundisho yake.

Wageni wengi hukimbilia kwanza stupa nyeupe ya amani iliyozinduliwa mwaka 1969 kwa juhudi za mtawa wa Kijapani Nichidatsu Fujii. Hupandishwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Mandhari yake yanavutia, lakini mwenye muda mfupi asikiache Kilele cha Tai kwa ajili yake.

Rajgir si ya Wabudha peke yao. Chini ya Vaibhara hububujika chemchemi za maji moto, ambamo Wahindu huoga wakiamini kuwa yanatakasa. Si mbali na hapo iko Makhdum Kund, chemchemi inayohusishwa na walii wa Kisufi Sharafuddin Maneri aliyefanya ibada zake katika vilima hivyo. Kaburi lake, linalozuriwa hadi leo, liko Bihar Sharif, kaskazini mwa Nalanda. Wajaini nao wana mahekalu juu ya vilima vyote vitano, kwa kuwa Mahavira, mwalimu wao mkuu, anaaminika kukaa huku misimu 14 ya mvua.

Mahavira alifia Pawapuri, ambako pia si mbali. Hekalu la marumaru la Jal Mandir limesimama katikati ya ziwa lililojaa mayungiyungi, na watu huvuka kwa daraja. Wajaini husimulia kwamba waombolezaji waliochota hapo majivu ya Mahavira, na baadaye udongo, walikuwa wengi hata shimo likabaki na kugeuka ziwa. Usiku wa Diwali mahujaji hufurika hapo kuadhimisha kifo chake. Jamii za Wajaini zimekuwepo Mombasa na Nairobi kwa vizazi kadhaa, na kwao Pawapuri ni miongoni mwa mahali patakatifu mno.

Msimu mzuri wa ziara ni Oktoba hadi Machi. Mei joto huweza kupita nyuzi 40, na ngazi za vilima huwa adhabu. Nalanda na Rajgir huweza kutembelewa kwa siku moja, ila kwa haraka. Kati ya sehemu hizo mbili uko mji mdogo wa Silao, maarufu kwa khaja, kitamu cha unga chenye tabaka nyingi nyembamba. Mahujaji wa Kibudha kwa kawaida huendelea kusini-magharibi hadi Bodh Gaya, ambako Budha alipata mwangaza chini ya mti, safari ya saa mbili hadi tatu kwa gari.