Ncha za Bisibisi za Zamani na Namna ya Kuzipata

Wanachama wetu,

Kila msimu unapokaribia, Katibu huulizwa habari za magunia, majamvi na ngazi. Lakini liko swali jingine linaloletwa mara kwa mara, nalo ni hili: "Bisibisi yangu ya zamani imepotelewa na ncha zake. Nitapata wapi nyingine?" Swali hili si dogo. Bawaba za mlango wa ghala zikilegea, au mizani ikicheza kwa skurubu moja kutoka, mtu hana nafasi ya kwenda mjini katikati ya uchumaji. Karafuu zilizolala katika ghala lisilofungika ni jasho la msimu mzima lililo hatarini. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu.

Bisibisi tunazozisema ni zile zenye mpini mmoja na ncha nyingi za kubadilisha. Wengi wetu tumezirithi kwa wazee. Mpini haujambo na chuma chake ni kizuri, ila ncha zimelika au zimeanguka shambani zikapotea. Mwenyewe huenda dukani akanunua ncha kwa kuutazama mdomo wake tu. Akirudi nyumbani haiingii, ama inaingia ikicheza. Mwisho huitupa bisibisi yote akanunua mpya isiyofika nusu ya ile ya kwanza kwa uimara. Wahenga walitukanya: usiache mbachao kwa msala upitao.

MKIA KWANZA, MDOMO BAADAYE

Kila ncha ina pande mbili. Upande mmoja ni mdomo, unaoingia katika kichwa cha skurubu. Upande wa pili ni mkia, unaoingia katika tundu la mpini. Midomo ya zamani na ya sasa haikutofautiana sana. Mikia ndiyo iliyobadilika. Basi anayetafuta ncha aanze kwa kuujua mkia.

Mikia mingi ya siku hizi ina pembe sita, na upana wake kutoka ubapa hadi ubapa ni robo inchi, yaani milimita 6.35. Ikiwa tundu la mpini wako ni la pembe sita na lina kipimo hiki, shida yako imekwisha, kwani ncha hizo huuzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Tazama jambo moja tu: mpini wako unaishikaje ncha? Kama ni kwa sumaku, ncha fupi ya milimita 25 itafaa. Kama ni kwa gololi ndogo au pete ya waya, chagua ncha ndefu ya milimita 50 yenye mfuo unaozunguka mkia, ili gololi ipate pa kuingia. Bila mfuo huo ncha huweza kuchomoka.

BISIBISI YA KUSUKUMA

Wenye taabu zaidi ni wale walio na bisibisi ya kusukuma, ile ambayo chuma chake kina mifuo iliyojipinda kama nyoka. Ukiukandamiza mpini, ncha huzunguka yenyewe. Iliyojulikana sana ni ile ya jina la Yankee, iliyotengenezwa na North Brothers wa mji wa Philadelphia, Marekani. Kampuni ya Stanley iliwanunua mwaka 1946, ikaendelea kuzitengeneza kwa jina lilelile. Bisibisi hii haihitaji umeme wala betri, na kwa ghala la shambani hiyo ni sifa kubwa.

Mkia wake si wa pembe sita. Ni wa mviringo. Mwisho wake umekatwa upande mmoja ukawa kama nusu duara, na juu kidogo pana pengo dogo la kuushikia. Nao una vipimo vitatu. Bisibisi ndogo, namba 35 na 135, hutumia mkia wa inchi 7/32. Ya kati, namba 30A na 130A, hutumia 9/32. Kubwa, namba 31A na 131A, hutumia 5/16. Namba huwa imepigwa juu ya chuma chenyewe. Isugue kwa mafuta ya taa na kitambaa, itaonekana.

Namba ikiwa imefutika, pima. Chonga kijiti cha mkarafuu kiwe cha mviringo, kidogo kidogo, mpaka kiingie katika tundu bila kucheza. Kizungushie ukanda wa karatasi mara moja, utie alama pale karatasi inapokutana, kisha uinyooshe juu ya rula. Ukipata kiasi cha milimita 17 na nusu, mkia ni 7/32. Ukipata 22 na nusu, ni 9/32. Ukipata 25, ni 5/16. Kama bado una ncha moja ya zamani, hata iliyovunjika mdomo, zungushia karatasi mkia wake. Ni rahisi zaidi.

Na hapa pana onyo. Ndani ya nyingi ya bisibisi hizi mna springi yenye nguvu. Chuma kikiwa kimefungwa ndani, ukifungua kitasa chake huruka nje kwa ghafula. Usiielekeze usoni mwako wala kwa mtu, na usiwape watoto kuichezea.

NJIA TATU ZA KUPATA NCHA

Ya kwanza ni kutafuta ncha zilezile za zamani. Waulizeni maseremala wazee na wauzaji wa vyombo vikuukuu, kwani mara nyingi ncha hulala ndani ya kopo la misumari na mwenyewe hajui ni za nini. Chukueni kile kijiti mlichokichonga mkalinganishe papo hapo.

Ya pili, nayo ndiyo bora, ni kununua kiungo. Hiki ni kipande cha chuma ambacho upande mmoja kina mkia wa zamani, na upande wa pili kina tundu la pembe sita la robo inchi. Viungo hivi hutengenezwa kwa vipimo vyote vitatu, na huuzwa Ulaya na Marekani. Ukishakipata kimoja, kila ncha ya siku hizi itaingia katika bisibisi ya babu yako.

Ya tatu ni kuchonga mwenyewe, nayo yafaa hasa kwa mkia wa 9/32. Ncha ya pembe sita ya robo inchi, ukiipima kutoka pembe hadi pembe, ni kiasi cha milimita 7.3, na tundu la 9/32 ni milimita 7.1. Basi kinachotakiwa ni kuzipunguza zile pembe kidogo tu, kisha kukata nusu duara na pengo kwa kufuata ncha ya zamani. Chuma chake ni kigumu mno kwa tupa. Tumia jiwe la kusagia, na uchovye ncha majini kila mara. Kikigeuka rangi ya buluu, kimepata moto kupita kiasi na ugumu wake umepungua. Kwa mkia wa 5/16 njia hii haifai, kwani ncha itakuwa nyembamba.

KUCHAGUA MDOMO

Mkia ukishapatikana, mdomo nao usipuuzwe. Mdomo bapa na ujaze mfuo wa skurubu kwa upana na kwa unene. Midomo ya msalaba ina jamii zaidi ya moja. Iliyoandikwa PH ni msalaba wa kawaida. Iliyoandikwa PZ ni ya skurubu ambazo kichwani, baina ya mikono ya msalaba, zina mistari minne midogo. Skurubu nyingi za pikipiki za Kijapani zinafanana na PH, lakini si sawasawa. PH huruka ikakila kichwa. Skurubu iliyokwisha kuliwa kichwa itamgharimu mtu zaidi ya bei ya ncha kumi.

KUAGIZA

Wengi wetu tuna ndugu na watoto walioko Maskati, Dubai au London, nao hupenda kuuliza walete nini wakija. Usimwambie tu, "Niletee ncha ya bisibisi." Mtumie jina la bisibisi, namba yake, kipimo cha mkia, na picha ya tundu la mpini pamoja na rula kando yake. Namba hazina lugha. Mwenye duka wa popote atazifahamu.

Tunawaomba wanachama wapime bisibisi zao sasa, kabla matawi hayajawa mekundu. Wenye kipimo kimoja katika tawi moja wakichangia kiungo kimoja, kitawatosha kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wassalaam,
Katibu