Samaki wa Mapambo wa Ziwa Tanganyika Katika Bwawa la Uani

Samaki waishio kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwatunza ndani ya matangi ya kioo yenye vifaa vya kupasha maji joto, wanaweza kufugwa nje, uani, katika nyumba ya kawaida ya Kasingirima mjini Kigoma Ujiji. Joto la maji ya juu ya ziwa huwa kati ya nyuzi 24 na 29 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na bwawa lenye kina cha kutosha halitofautiani nalo sana. Ugumu uko kwenye hali ya maji na usafi wake.

Ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka na kina kinachofikia mita 1,470. Ndani yake wamo samaki wa jamii ya sikilidi wa aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Anayevutia zaidi kwa bwawa la nyumbani ni yule aitwaye kitaalamu Tropheus duboisi. Mtoto wake ni mweusi tii mwenye vitone vyeupe mwili mzima. Akikua vitone hufutika, kichwa kikawa cha samawati, na mkanda mweupe au wa manjano ukamzunguka kiwiliwili. Mwingine ni frontosa, samaki mkubwa mwenye nundu ya paji la uso. Wa Kigoma anajulikana kwa milia yake 7 myeusi, ilhali wa sehemu nyingine nyingi za ziwa ana 6. Frontosa si samaki wa kuanzia. Huishi kwenye maji ya kina, na akivutwa juu kwa haraka kibofu chake cha hewa hufura, hivyo wavuvi hulazimika kumpandisha kidogo kidogo.

Bwawa lisipungue kina cha mita moja, na sehemu yake iwe kivulini. Maji mafupi yaliyo juani hupata joto mno mchana, na kadiri joto linavyopanda ndivyo hewa ya oksijeni inavyopungua ndani yake. Bwawa la saruji mpya hujazwa maji na kumwagwa mara kadhaa kwa muda wa wiki chache, kwa sababu chokaa inayotoka kwenye saruji mbichi huua samaki. Chini hupangwa mawe makubwa yenye mianya. Mawe hayo ni maficho ya samaki wanyonge, na pia ndiko mwani unakoota, chakula wanachokwangua kutwa nzima.

Maji ya ziwa yana pH ya kati ya 8.6 na 9.2, yaani ni maji ya magadi, na samaki wake wamezoea hali hiyo. Ni bora kujaza bwawa kwa maji ya ziwa yaliyotekwa mbali na mitaro ya mji. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kutumika. Maji ya mvua hayana chumvichumvi zinazoshikilia pH, kwa hiyo mvua za Novemba hadi Aprili zinaweza kuvuruga bwawa dogo. Mfereji wa bati la nyumba usielekezwe humo kamwe.

Kwenye usafi wa maji ndipo wengi hupoteza samaki. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia. Maji yakiwa na pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata 1%. Yakiwa na pH 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia hiyo ni sumu. Uchafu ambao bwawa la perege lingeuvumilia kwa siku kadhaa unaweza kuwamaliza samaki hawa usiku mmoja. Dalili huonekana mapema: samaki hupanda juu na kutweta usoni pa maji, matamvua yakiwa mekundu kupita kawaida. Dawa ya haraka ni kuacha kulisha na kubadilisha sehemu ya maji. Kinga ya kudumu ni bakteria wanaoishi kwenye mawe na kwenye chujio la pampu, ambao hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaliana, ndiyo maana bwawa jipya huanza na samaki wachache tu.

Duboisi ni mgomvi. Wakiwa watatu au wanne, mwenye nguvu humwandama mnyonge hadi amuue. Wakiwa 12 au zaidi, ugomvi hugawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Jike hutaga mayai machache makubwa na kuyaatamia mdomoni kwa takriban wiki 4. Chakula chao kiwe cha majani na mwani, kwani nyama na vyakula vya mafuta huwavuruga tumbo na kuwaua.

Juu ya bwawa hutandazwa wavu, maana mdiria na kenge hawachelewi kuligundua. Viluwiluwi vya mbu huliwa na samaki wadogo, lakini bwawa lililobaki bila samaki hugeuka mazalia ya mbu wa malaria, na ni afadhali likaushwe.

Biashara ya samaki wa mapambo inahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na mfugaji anapaswa kujua samaki wake wametoka ufuko gani. Tropheus wa mawe haya hutofautiana rangi na wa mawe yaliyo ng'ambo ya mchanga, kwa sababu hawavuki mahali pasipo na maficho. Jamii hii ina rangi zaidi ya 100 kuzunguka ziwa. Kumwaga samaki wa ufuko mmoja kwenye mwingine ni kuchanganya kilichojitenga kwa maelfu ya miaka. Kumwaga mnyama mgeni ni hatari zaidi: sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alichangia kuangamiza aina nyingi za furu. Samaki waliozidi bwawani wapewe mfugaji mwingine, na bomba la kutolea maji lifungwe wavu wenye matundu madogo na kuelekezwa kwenye shimo la kunyonya maji, si kwenye mtaro unaoteremka ziwani.