Majira ya Kupandana: Dume Anaposahau Hatari

Kwa sehemu kubwa ya mwaka wanyama wengi wenye kwato huishi kwa amani. Madume hulisha pamoja na kunywa maji mahali pamoja. Lakini yafikapo majira ya kupandana, waliokuwa wenzi jana huwa mahasimu leo.

Katika kisiwa cha Rum, nchini Uskoti, ambako ayala wekundu wamechunguzwa tangu miaka ya 1950, majira hayo huanza Septemba na kufikia kilele Oktoba. Kufupika kwa mchana ndiko kunakouamsha mwili wa dume. Shingo yake hunenepa, naye hunguruma usiku na mchana akilinda kundi lake la majike. Madume wawili hawapigani ovyo. Kwanza hushindana kwa kunguruma, kisha hutembea sambamba wakipimana nguvu kwa macho. Asipopatikana wa kukubali kushindwa, ndipo hugonganisha pembe. Katika wiki hizo dume hula kidogo mno, hata aweza kupoteza moja ya tano ya uzito wake, kisha akaingia katika baridi kali akiwa dhaifu.

Huko Serengeti, nchini Tanzania, nyumbu zaidi ya milioni moja hupandana mwishoni mwa masika, Mei na Juni, wakiwa safarini. Dume hujitwalia kipande kidogo cha ardhi na kukilinda kwa muda mfupi. Kundi likisonga mbele, naye hana budi kusonga. Kwa kuwa mimba huchukua miezi 8 hivi, ndama walio wengi huzaliwa kwa pamoja, hasa mwezi wa Februari, wakati majani mabichi yanapopatikana. Mtaalamu Richard Estes, aliyewachunguza nyumbu wa Ngorongoro, alieleza faida ya jambo hilo: fisi na simba hushiba upesi, wasiweze kuwamaliza ndama wote.

Hapa kwetu Uganda yupo mraye, mnyama anayeonekana katika nembo ya taifa pamoja na korongo mwenye taji. Yeye hana majira maalumu; hupandana mwaka mzima. Badala ya majira, anao uwanja. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Helmut Buechner aliwachunguza mraye wa Toro, karibu na mto Semliki, akaona kwamba madume hukusanyika mahali pamoja pasipo malisho ya maana, kila mmoja akishika duara dogo tu. Majike huja wenyewe kuchagua, na wengi huwapendelea madume wa katikati. Dume akiondoka kwenda kulisha, mwingine huinyakua nafasi yake. Uwanja mmoja waweza kutumiwa miaka mingi, kizazi baada ya kizazi.

Ndugu askari, tabia hiyo iliyomjengea mraye ukoo wake ndiyo pia inayomponza. Dume aliyekaza macho kwa hasimu wake hamwangalii mwenye bunduki, na jangili anayeujua uwanja hana haja ya kusaka. Akiwaua madume wa katikati, amewaondoa wale wale ambao majike walikuwa wamewachagua. Akimwua jike, amepoteza na mimba iliyomo, nayo ni ya ndama mmoja tu.

Uganda imelipa gharama hiyo. Katika machafuko ya miaka ya 1970 na 1980 wanyama wengi wa mbuga zetu waliuawa kwa bunduki, na baadhi ya bunduki hizo zilishikwa na watu waliovaa sare. Lakini ulinzi uliporudi, mraye nao walirudi. Leo katika mbuga ya Maporomoko ya Murchison huonekana makundi kwa makundi. Hilo latufundisha kwamba mnyama hutaka mambo mawili tu: mahali pake na utulivu. Askari wa doria azijuaye nyanja za mraye zilizo katika eneo lake amekwisha kujua mahali jangili atakapopita, na mahali tanzi litakapotegwa.