Taa ya injini ilikataa kuzima, kumbe sensa ilisema ukweli

Pikapu ya mjomba wangu ni ya mwaka 2004, ya petroli, na kazi yake ni kubeba kabichi kutoka Kinangop hadi Marikiti, Nairobi. Mwaka jana taa ya injini, ile ya manjano, iliwaka na ikakataa katakata kuzima. Gari likaanza kutetemeka likisimama kwenye foleni, na mafuta likawa linayanywa kama maji.

Mekanika wa kwanza alichomeka kimashine chake kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Kikaandika P0171. Mafundi huziita nambari hizi kodi, ingawa KRA haihusiki. Herufi P ni ya injini na gia, 0 inamaanisha nambari hiyo inatumiwa na watengenezaji wote, na 1 inayofuata inahusu hewa na mafuta. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta.

“Hiyo ni oksijeni sensa,” akasema bila hata kufungua boneti. Tukalipa Sh6,000, akafuta kodi, taa ikazima. Siku ya tatu, tukiwa Uplands, ikawaka tena.

Wa pili akabadilisha plagi. Wa tatu akachomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akatangaza kwamba gari limepona. Huu ndio ujanja unaonikera zaidi. Ukichomoa betri unafuta kodi pamoja na rekodi ambayo kompyuta huhifadhi hitilafu inapotokea: joto la injini, mizunguko kwa dakika, kasi ya gari. Ni sawa na kupangusa alama za vidole kisha umwite polisi.

Mjomba akaanza kuongea na broka. Bei aliyopewa ilikuwa ya matusi, na binamu yangu alikuwa nyumbani akisubiri karo.

Aliyetuokoa ni msichana wa chuo cha kiufundi, aliyekuwa kwa mafunzo katika gereji moja Naivasha. Hakukimbilia spana. Alimuuliza mjomba, “Mzee, kuna kitu kingine kimebadilika kwa hii gari?”

Mjomba akafikiria. Akasema breki zimekuwa ngumu siku hizi, lakini hiyo si mambo ya injini.

Msichana akaunganisha simu yake na gari kwa Bluetooth na kufungua ukurasa ambao wale watatu hawakuutazama: asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, ilikuwa inaongeza asilimia 24. Alipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi 6.

Hapo ndipo siri ilipo. Kama hewa inaingia kwa ufa mahali, bila kupitia sensa inayoipima, ufa huo huathiri sana injini inapovuta hewa kidogo. Ukiongeza mwendo, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani sana. Ingekuwa pampu dhaifu au chujio la mafuta lililoziba, mambo yangekuwa kinyume: asilimia ingepanda injini inapofanya kazi nzito.

Kwa hivyo oksijeni sensa haikuwa na kosa. Hewa ilikuwa nyingi kweli, nayo ikaripoti. Mjumbe hauawi, lakini sisi tulimng'oa na kumtupa.

Akafuata mpira mnene unaotoka kwenye injini hadi kwenye kifaa kinachosaidia breki. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Alipoubana kwa koleo, injini ikatulia papo hapo. Mpira mpya ulipatikana Kirinyaga Road kwa Sh800.

Nikikumbuka tuliteremka mara ngapi na ule mzigo wa kabichi huku breki zikikosa nguvu, nasisimkwa. Taa ilikuwa inatuonya kuhusu kitu kikubwa kuliko petroli.

Si kila pikapu itakuwa na ufa. Magari yaliyozeeka pia husumbuliwa na waya za ardhi zilizoota kutu. Ukiona kodi nne zisizohusiana zimetokea kwa pamoja, anza hapo na kwa betri, kabla ya kununua sensa yoyote. Na kama taa inamwekamweka badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame: silinda haichomi vizuri na petroli mbichi inaweza kuharibu kifaa cha kusafisha moshi.

Wenye Toyota za zamani zaidi, zisizo na soketi ya pini 16, wana njia yao. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu taa inavyomweka. Mbili, kituo, moja: hiyo ni 21, ya oksijeni sensa.

Wiki jana taa imewaka tena. P0500, na kipima kasi kimelala kwenye sufuri. Mjomba ameiandika nambari hiyo nyuma ya risiti ya kabichi, na amekataa mtu yeyote asiguse betri hadi amalize kufuata waya kutoka kwa giaboksi.